Miujiza yetu haina nambari ya M-Pesa

Kwa Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji wa Nakuru aliyetaka serikali ifunge "dini zote za ngoma na miujiza", na aliyelalamikia kelele zetu. Alitutia kapu moja na wahubiri wanaouza maji ya baraka na mafuta ya upako kwenye televisheni. Barua hiyo imekaa kando ya cherehani yangu tangu siku hiyo, na kila nikiisoma naona siwezi kunyamaza.

Mimi ni muumini wa African Israel Church Nineveh, kanisa ambalo watu wengi huku magharibi mwa Kenya huliita Israel tu. Nashona nguo katika soko la Kibuye, Kisumu. Sare za shule nashona, mapazia pia, lakini kazi inayoniweka mjini ni kanzu nyeupe na vilemba, zile ambazo msomaji wako bila shaka huziona barabarani zikifuata ngoma na bendera. Naamini miujiza. Nimelelewa nayo kwetu Maragoli tangu sijajua kusoma. Ningependa wanaosoma gazeti hili wajue ni miujiza ya namna gani, kwa maana siku hizi sheria ya dini inazungumzwa kila mahali, na ikiandikwa na watu wasiotujua itamfunga fundi wa viatu anayeongoza ibada ya Ijumaa na kumwacha tapeli wa suti aendelee kuhesabu noti.

Msomaji alisema sisi ni vikundi vilivyozuka juzi. Zakayo Kivuli, mwalimu wetu, alikuwa msimamizi wa shule za misheni ya Wapentekoste ya Nyang'ori, mtu wa kuzunguka vijijini. Tarehe 12 Februari 1932 Roho alimshukia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuhubiri na kuombea wagonjwa. Haikuwa miaka mizuri kwa Mwafrika kusema ameshukiwa na Roho. Januari 1934, kule Musanda, Alfayo Odongo Mango wa dini ya Roho aliuawa pamoja na wafuasi wake na nyumba ikachomwa, katika ugomvi wa ardhi uliochanganyika na dini. Kivuli alianzisha kanisa lake mwaka 1942 na makao makuu yakawa mahali tunapopaita Nineveh, huko Vihiga. Alifariki 1974. Mkewe, Mama Rebecca Jumba, akashika uongozi hadi 1983, kisha ukaenda kwa mjukuu, John Mweresa Kivuli. Mwaka 1975 kanisa letu lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Hatujazuka juzi.

Tena Kivuli hakutuachia kitu cha kuuza. Alituachia Ijumaa na toba. Ijumaa tunaiheshimu kwa sababu ndiyo siku damu ya Bwana ilipomwagika, na Jumapili tunaabudu kama Wakristo wengine. Pombe hatunywi, sigara hatuvuti, nguruwe hatuli. Toba yetu ndiyo inayowashangaza wageni, maana haifanywi kimoyomoyo. Mtu husimama mbele ya mkewe, mbele ya majirani, mbele ya yule anayemdai, akataja kwa kinywa chake alichokifanya. Wageni wengine huinama chini kwa aibu wakisikiliza. Kwetu hapo ndipo miujiza inapoanzia, na nikisimulia mmoja utaelewa.

Baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo hapa bandarini Kisumu enzi ambazo meli zilikuwa nyingi. Mshahara wake ulikuwa unaishia kwenye chang'aa kabla haujafika Maragoli. Mama alikuwa tayari ni Israel, na ngoma za Ijumaa zilimkera baba kupita kiasi. Ijumaa moja alimfuata mama kanisani akiwa na fimbo, akisema leo atamtoa kwa nguvu. Alifika wakati wa toba. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mzee mmoja alikuwa amesimama akieleza jinsi alivyosogeza mpaka wa shamba la nduguye usiku. Baba akasimama mlangoni. Mama husema alisimama pale hadi fimbo ikamtoka mkononi, na hakuna aliyemwambia aingie wala atoke. Kisha akaanza kusema. Jirani yetu, mzee wa Kanisa la Friends, alikuwa amemwachia baba mtamba wake amchunge alipokwenda kumuuguza dada yake Kaimosi. Aliporudi aliambiwa mtamba alikufa. Hakufa. Baba alimuuza sokoni na pesa akazinywa.

Fikiria mambo hayo yakisemwa mbele ya kijiji. Mchungaji wetu, ambaye mchana alikuwa seremala, hakumwombea kwanza. Alimwambia, "Mirembe, ndugu yangu, twende." Wakaenda, baba na mchungaji na wazee wawili, kwa miguu, wakiwa wamevaa kanzu zao, hadi kwa yule mzee wa Friends. Nilikuwa mtoto, nikafuata kwa nyuma pamoja na wenzangu. Nakumbuka yule mzee akiwa ameketi juu ya kigoda akipukusa mahindi, na jinsi alivyoendelea kupukusa wakati baba akizungumza, punje zikidondoka kwenye ungo, bila kuinua macho. Baba alipomaliza, mzee akasema, "Nilijua." Hakusema jingine. Walikubaliana ndama wa kwanza wa ng'ombe wa mama awe wake, na ndama huyo alikwenda.

Baba hakuonja pombe tena hadi tulipomzika. Wakati huo Kivuli mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, lakini mama akiulizwa leo atakwambia ni mkono wa Baba Kivuli uliomshika mumewe pale mlangoni. Nami naamini hivyo. Naamini pia kile ambacho mama hukisema kwa sauti ndogo zaidi: kwamba kwa miezi mingi baada ya siku ile, kila jioni saa ambayo baba alizoea kwenda kunywa, kulikuwa na mtu wa kanisa anayepita nyumbani kuomba apewe maji ya kunywa, na akishapewa akakaa kuzungumza hadi giza likaingia. Wote walikuwa na maji kwao. Roho ana miguu ya watu. Na baada ya kutaja dhambi hadharani, baba angekwenda kunywa kwa nani? Kila mama pima, yaani muuza chang'aa, kijijini alikuwa na habari.

Mtu wa Nakuru ataniambia hizo ni hadithi za zamani. Basi aje Kibuye nimfungulie daftari langu la vipimo. Mtu akiokoka huletwa kwangu kupimwa kanzu ya kwanza. Yupo mmoja aliyekuja mikono ikimtetemeka hata nilipomwomba ashike ncha ya utepe kifuani ulimponyoka. Alikuwa ameacha kunywa siku chache tu. Kifua chake nimekiandika inchi 34, shingo 14, na pembeni nikaandika "acha nafasi". Hiyo ni alama yangu mwenyewe. Mteja mwingine nikimshonea kanzu, mshono wa ubavuni namwachia kitambaa cha ziada kidogo tu ndani. Hawa wanaotoka kwenye pombe nawaachia vidole vitatu kila upande, kwa sababu najua watarudi. Na hurudi. Yule alirudi kanzu ikimbana kwapani, nikaifumua, nikaitoa hadi kile kitambaa cha akiba kikaisha. Kifua inchi 38. Mkewe alikuwa amesimama pale akishika kikapu, akicheka na kulia pamoja. Kazi ya kufumua huwa sitozi. Namba hizo mbili zimo kwenye ukurasa mmoja, ya kalamu ya buluu na ya kalamu nyekundu, na mtu yeyote anaweza kuziona.

Huo ndio ukubwa wa miujiza yetu. Hakuna aliyetembea juu ya Ziwa. Kuna mama wa chama chetu cha akina mama aliyekula pesa za mzunguko na akazitaja siku ya Ijumaa badala ya kuhamia Nairobi usiku, na leo analipa kidogo kidogo na bado anaketi nasi. Kuna ndugu wawili waliosalimiana kwa mkono baada ya miaka ya kupitana njiani kama hawajuani. Watu wa nje wanasema mambo haya hutokea hata bila dini. Huenda yakatokea. Nasema tu kwamba mimi nimeyaona yakitokea hapa, na walioyapata hutaja jina la mwalimu wao wakishukuru, nami sioni kwa nini wanyamazishwe.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma. Mtoto wa binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watu wa ukanda wa Ziwa wanaufahamu ugonjwa huu kuliko wengine, kwa sababu malaria imekaa nasi tangu zamani: anayerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, lakini anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye huumwa. Seli za damu hupinda, huziba mishipa midogo, na mifupa huuma hadi mtoto mzima analia kama kichanga. Mjukuu wangu anameza vidonge vya foliki asidi na haidroksiyuria, analala ndani ya chandarua, na tunamnywesha maji kutwa. Kila Ijumaa anawekewa mikono na kuombewa. Katika kanisa letu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia binti yangu achague kati ya hivyo viwili. Kuna kijana wetu mwenye tuktuk ambaye simu yake haizimwi usiku, na maumivu yakianza mtoto hufikishwa hospitali kabla hatujamaliza kutafuta viatu. Mama mwenye zamu hukaa naye wodini ili binti yangu apate kwenda kazini. Alipovuka msimu mzima wa mvua bila kulazwa, tulipiga ngoma kanisani, na ushuhuda ulitolewa, na tulisema ni muujiza. Chupa ya dawa ilikuwa mkononi mwa mama yake wakati akishuhudia.

Jirani yangu mmoja ana mtoto mwenye ugonjwa huo huo. Alikwenda kwenye mkutano wa hema wa mhubiri fulani ambaye sitamtaja. Aliambiwa apande mbegu ya shilingi 5,000 kwa simu, kisha aache vidonge, kwa sababu kuendelea kumeza dawa baada ya maombi ni kumwambia Mungu mwongo. Alikopa pesa hizo. Mtoto alikaa bila dawa hadi midomo ikawa myeupe, na alipofikishwa hospitali ilibidi aongezwe damu. Alipona, tunashukuru. Mhubiri alikuwa amehamia mji mwingine na hema lake, na nambari yake ya simu haikupatikana tena. Ile ya kutumiwa pesa ilikuwa bado inafanya kazi.

Ndiyo maana barua ya Nakuru ilinikera. Huyo wa hema hana ngoma. Ana vipaza sauti vya kisasa, ana suti, ana cheti ukutani, na kwa kipimo cha msomaji wako angepita. Sisi wenye ngoma tungefungwa.

Sikatai sheria. Baada ya yale ya Shakahola mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni kule Kilifi, sijui Mkristo mwenye moyo anayeweza kusema dini zisiguswe. Watu wale waliambiwa na mhubiri wao wafunge hadi wafe wamwone Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Tulilia kanisani siku habari zilipofika. Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, likazunguka na kuwasilisha ripoti mwaka 2024, na mazungumzo ya sheria mpya yanaendelea. Ninachoogopa ni kurudi kwa lile wazo la mwaka 2016, wakati kanuni za Mwanasheria Mkuu Githu Muigai zilipotaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, kabla ya makanisa kupiga kelele na kanuni hizo kusimamishwa. Mchungaji wetu wa sasa aliishia darasa la saba. Anatengeneza viatu karibu na stendi. Mtu akimletea siri haitoki, na mtu akimletea mgonjwa anauliza kwanza kama amekwenda hospitali. Cheti kitamwongezea nini? Na kule Shakahola, je, ingesaidia nini kama yule mhubiri angekuwa na cheti cha chuo?

Wanaoandika sheria waulize mambo ambayo jirani yeyote anaweza kuyajibu. Pesa zinakwenda wapi, na nani anaziona zikihesabiwa? Kwetu sadaka huhesabiwa mezani mbele ya watu Jumapili hiyo hiyo, mweka hazina akiandika na kijana mwingine akisoma kwa sauti, na mara nyingi ni sarafu nyingi kuliko noti. Mgonjwa anaambiwa nini kuhusu dawa zake? Mtoto anakwenda shule? Anayetaka kuondoka anaondoka? Binamu yangu alihama Israel akawa Mwadventista, na tulikula pamoja Krismasi iliyopita. Mahali ambapo majibu ya maswali haya ni mabaya, polisi waingie hata kama hapo hakuna ngoma wala muujiza wowote unaotangazwa.

Kuhusu kelele, hapo msomaji ana haki yake, na sitaki aonekane mtu mbaya. Anaumwa kichwa, anataka kupumzika. Kanuni za kelele zipo tangu 2009 na zinatuhusu kama zinavyohusu baa. Sisi hutembea mchana, na tukikaribia hospitali mpiga ngoma huweka fimbo zake kwapani hadi tupite. Kama Israel wa mtaa wake wanapiga usiku, aende awaambie, naamini watamsikiliza. Na akiwa huko, awaulize wale wanaume wenye kanzu walikuwa wapi miaka mitano iliyopita saa kama hiyo. Wengine watamjibu bila kuficha, ndivyo walivyozoeshwa.

Ombi langu ni kwa wale watakaotumwa tena kukusanya maoni. Mara nyingi huitisha mikutano katika hoteli za mjini, siku za kazi, na wanaofika ni maaskofu wenye magari. Waje hata Kibuye. Au waje kanisani kwetu siku ya Ijumaa, wavue viatu, wakae nyuma, na wasiondoke kabla toba haijaisha, hata kama itachelewa. Daftari la sadaka la miaka iliyopita liko kwa mweka hazina, na mchungaji amekubali lifunguliwe kwa yeyote atakayeuliza. La vipimo liko kwangu.

Fundi wa kushona,
Soko la Kibuye, Kisumu